Siku kuku wangu walipotolewa damu: niliyojifunza nikitafuta cheti cha afya

Yote yalianza na simu ya asubuhi. Mama mmoja niliyemuuzia mayai 30 ya kutotolesha alinipigia kunieleza kwamba vifaranga wake wanakufa. Walianguliwa 22, na kufikia siku ya sita walikuwa wamebaki 9. Wengine walikutwa asubuhi wamelala kifudifudi, makalio yameganda kinyesi cheupe kama chokaa. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kuku wako wamewahi kupimwa?"

Nikamjibu kwamba kuku wangu ni wazima, wanakula, wanataga, sijazika kuku tangu mwaka uanze. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sijakuuliza."

Sikulala usiku ule. Nilifuga miaka minne nikiamini kwamba kuku mzima ni kuku anayeonekana mzima. Nilikuwa sijui kwamba upo ugonjwa unaokaa ndani ya kuku koo mwenye manyoya yanayong'aa na upanga mwekundu, ukajificha kwenye kokwa za mayai yake, ukapita ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Ndio pulorumu, ule ambao wafugaji wengi tunauita kuhara kweupe. Unaua zaidi vifaranga wa wiki mbili tatu za mwanzo. Wanaopona huweza kukua, wakaanza kutaga, na baadhi yao wakaubeba maisha yao yote. Ndugu yake wa karibu ni homa ya matumbo ya kuku. Bakteria wa magonjwa haya mawili wanafanana kiasi kwamba kipimo kimoja cha damu huwakamata wote wawili.

Nikaamua kuku wangu wapimwe, nipate cheti cha afya. Kosa langu la kwanza nililifanya asubuhi iliyofuata, kwa hofu. Nilichukua antibayotiki niliyokuwa nayo ndani nikaitia kwenye maji ya kunywa siku tano mfululizo. Nilidhani nawasafisha kabla ya kupimwa. Daktari wa mifugo aliponiuliza kwenye simu, "Kuna dawa yoyote mmewapa mwezi huu?" nikamjibu kwa kujivunia kwamba ndiyo, nimewapa. Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba dawa ile haimwondolei kuku ubebaji wa pulorumu. Kinachotokea ni bakteria kupungua kwa muda, maabara ikaotesha sampuli kutafuta bakteria isione kitu, ukapewa majibu mazuri ya uongo, na baada ya miezi ugonjwa ukarudi ukiwa na cheti mkononi. Akaahirisha kuja kwa wiki tatu. Tena kuku waliokunywa dawa, mayai yao hayafai kuliwa mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite, kwa hiyo hata yale ya kula yalinipotea. Kama unafikiria kupima kuku wako, usiwape dawa yoyote kwanza. Piga simu.

Siku ile alinitupia maswali ambayo sikuweza kuyajibu hata nusu. Una kuku wangapi? Nikasema kama 30 hivi. Wana umri gani? Walitoka wapi? Wamechanjwa nini, lini, kwa chanjo ya aina gani? Kuna bata? Kuna ndege wa porini wanaoingia kula chakula chao? Jioni nikawahesabu walipopanda kulala: kuku 41 na bata mzinga wawili. Nilikuwa nimekosea kuku 11. Mtu asiyejua idadi ya kuku wake ataapaje kwamba hawana ugonjwa?

Zile wiki tatu za kusubiri ndizo zilizonifaa kuliko zote. Nilinunua pete za miguu zenye namba, nikamvisha kila kuku pete yake usiku wakiwa wamelala, tochi ikiwa mdomoni. Nikafungua daftari gumu, ukurasa mmoja kwa kila namba: rangi, umri kwa makadirio ya kweli, alikotoka, chanjo. Kwa chanjo ilinibidi nitafute chupa tupu jalalani na kumpigia aliyekuwa akija kuwachanja. Nilidhani daktari ananisumbua tu na habari za chanjo, kumbe zina uzito. Kuku aliyechanjwa ugonjwa wa kideri ana kingamwili za kideri kwenye damu, yaani kinga ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake, na kipimo cha kawaida cha damu hakiwezi kutofautisha kingamwili za chanjo na zile za ugonjwa. Vilevile chanjo ya mafuta ya kudunga, ikiwa imetolewa wiki chache tu kabla, inaweza kuvuruga kipimo cha haraka cha mikoplasma, ugonjwa sugu wa njia ya hewa, kuku safi akaonekana mgonjwa. Bila tarehe za chanjo, majibu ya maabara ni namba zisizo na maana.

Katika wiki hizo hizo nikafanya kosa la pili. Ndugu yangu aliniletea jogoo, zawadi, jogoo mzuri kwelikweli, na mimi nikamfungulia akaingia bandani na wenzake. Daktari aliposikia akaniuliza jogoo huyo katoka kwenye kundi lililopimwa? Sikujua. Ikabidi nimtoe, nimweke upande wa mbali kabisa wa ua kwa siku 30, chombo chake cha maji, viatu vyangu vya kwenda kwake, nikimhudumia wa mwisho kila siku nikishamaliza wengine. Na kwa kuwa alishalala na wenzake usiku mmoja, tarehe ya kupima ikasogezwa tena. Kuku aliyeambukizwa leo hana kingamwili leo; mwili unahitaji siku kadhaa hata wiki kuzitengeneza. Ukipima mapema unapima hewa.

Kuna jambo jingine ambalo ningemwomba kila mfugaji aliulize kabla damu haijatolewa: ugonjwa ukipatikana, nini kitafuata? Uliza kama ugonjwa huo ni wa kuripotiwa kwa sheria, nani anaamua hatima ya kundi, kama kuna fidia, na kama unaruhusiwa kuendelea kuuza mayai majibu yakisubiriwa. Kwa mafua ya ndege yale makali, nchi nyingi huangamiza kundi zima. Mimi niliuliza nikiwa nimeshapanga siku, na jibu lilinitia baridi. Usiku mmoja nilikaa kitandani nikifikiria kumpigia daktari nimwambie nimeghairi. Kilichonizuia ni wale vifaranga 13 wa yule mama. Kutopima kusingewafanya kuku wangu wawe salama. Kungenifanya mimi nisijue tu.

Siku yenyewe ikafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo tuliwafungia wote bandani bila kuwaachia asubuhi, na hili msilikose: kuku aliyeachiwa uani utamkimbiza mpaka mchana, atahema, utamvunja bawa. Tulikuwa watatu: mimi nashika, binti yangu anaandika namba ya pete, daktari anatoa damu. Kuku sita walikuwa chini ya miezi minne, akasema tuwaache, miili yao bado haitoi majibu ya kuaminika. Wakabaki 35. Nikamuuliza kama hawezi kupima kumi tu ili gharama ipungue, maana kila kuku analipiwa. Akanieleza kwamba kwenye kundi la maelfu, kuku 60 wanatosha kugundua ugonjwa ulioshika asilimia 5 ya kundi au zaidi, kwa uhakika wa asilimia 95. Lakini kwenye kundi dogo kama langu, hesabu hiyo hiyo inataka karibu kuku wote. Kundi dogo halina njia ya mkato.

Kipimo cha pulorumu nilikitazama kwa macho yangu mezani. Unamlaza kuku ubavu, unainua bawa, unanyonyoa manyoya machache kwa ndani, na pale chini ya ngozi unauona mshipa wa bluu umelala juu ya mfupa. Anauchoma kidogo tu. Tone la damu linawekwa kwenye kigae cheupe pembeni ya tone la kitendanishi (dawa ya kupimia) cha rangi ya zambarau, anavikoroga kwa kijiti, anakiinamisha kigae huku na huku, na saa inahesabu dakika mbili. Damu safi inabaki laini, rangi moja, kama chai ya maziwa. Damu yenye kingamwili inakatika: chembechembe za zambarau zinajikusanya na katikati panabaki maji, mfano wa maziwa yaliyoganda vibaya. Kabla ya kuanza alitonyesha mbele yangu seramu (maji yanayojitenga damu ikiganda) ya kuku anayejulikana kuwa na ugonjwa na ya asiye nao, ili tuione tofauti kwanza. Kama mpimaji wako haanzi hivyo, mwombe aanze hivyo.

Namba 1 hadi 16, laini. Nilikuwa nimeanza kupumua.

Namba 17 ilikatika. Si sana, si kama ile ya mfano, lakini chembe zilionekana. Daktari akasafisha sehemu nyingine ya kigae, akatoa tone jingine, akarudia. Chembe tena. Namba 17 alikuwa koo wangu wa kwanza kabisa, kijivu mwenye kilemba, ambaye nusu ya kuku waliokuwa bandani ni watoto wake au wajukuu wake. Nilimshika huku nikihisi moyo wake unapiga kwenye kiganja changu, nikawa sisikii tena daktari anasema nini. Alikuwa anasema nisikate tamaa. Kipimo hiki cha haraka ni cha kuchuja, hakitoi hukumu. Wapo bakteria wengine, hasa wa ukoo wa salmonela, ambao kingamwili zao huweza kukigusa kitendanishi kile kile. Lakini mpaka ijulikane, namba 17 atengwe, na yai hata moja la kutotolesha lisitoke uani kwangu.

Wengine 18 waliobaki wakawa laini.

Bata mzinga wawili hawakupimwa kwa kigae, kwa sababu kile kipimo cha damu nzima hakiaminiki kwao. Walitolewa damu kwenye vichupa, iende maabara kama seramu. Vivyo hivyo damu ya mikoplasma, ambayo nayo hupita ndani ya yai. Kwa mafua ya ndege alipitisha kijiti chenye pamba kooni mwa kila kuku, na vijiti vya kuku watano vikaingia chupa moja. Kazi ya kupeleka vichupa maabara nikaichukua mimi ili kuokoa nauli ya msafirishaji.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu kuliko yote. Niliambiwa sampuli zikae kwenye ubaridi. Nikavilaza vichupa vya damu moja kwa moja juu ya mabarafu. Njiani baadhi vikaganda barafu. Damu nzima ikiganda barafu, chembe zake nyekundu hupasuka, na ile seramu iliyotakiwa kuwa na rangi ya majani makavu inatoka nyekundu kama juisi. Maabara wakaikataa, na walikuwa na haki. Nililipia vichupa upya, safari upya, na kibaya zaidi kuku walichomwa mara ya pili. Siku hizi najua: vichupa vinalazwa kiubavu kwenye joto la kawaida mpaka damu igande yenyewe na maji yajitenge, havitikiswi, kisha vinafungwa kwa gazeti au taulo ndipo viwekwe karibu na barafu, visigusane nayo. Kila kichupa kiandikwe namba ya pete kwa kalamu isiyofutika kwa maji, maana karatasi ya gundi huchomoka ikilowa. Na upige simu maabara kwanza ujue siku wanazopokea. Sampuli ikifika mwisho wa wiki itakaa mlangoni.

Majibu yalikuja kwa vipande. Mafua ya ndege hayapo. Mikoplasma haipo. Bata mzinga salama. Namba 17 alipimwa tena baada ya wiki tatu, safari hii seramu yake ikapimwa kwa njia ya mirija maabara, jibu likatoka hafifu, si ndiyo si hapana. Daktari akaja mwenyewe kunieleza. Akakaa kwenye kigoda karibu na tundu la namba 17, akasema, "Mama, hapa tumebakiwa na njia moja ya kujua kwa hakika. Inabidi tuoteshe ini, wengu, kokwa za mayai na utumbo." Alikuwa ananiambia kwamba ili kujua kama koo huyu ni mgonjwa, itabidi afe.

Niliomba siku mbili. Naandika haya kwa sababu sikuona mtu aliyenitayarisha kwa hilo. Unaanza ukidhani unatafuta karatasi, unajikuta unaamua juu ya uhai wa kiumbe anayekujia ukimwita. Siku ya pili nilimpeleka mwenyewe. Nilimbeba kifuani, sikumtia kwenye boksi.

Kuotesha bakteria huchukua siku nyingi, na pulorumu hukua polepole kuliko salmonela wengi, kwa hiyo usimpigie mtu wa maabara kila asubuhi kama nilivyofanya mimi. Jibu lilipokuja lilisema hakuna pulorumu, hakuna homa ya matumbo ya kuku katika kiungo chochote. Kokwa zake za mayai zilikuwa mviringo, za njano, safi. Koo aliyebeba ugonjwa mara nyingi kokwa zake huwa zimesinyaa, zimepinda, zina rangi ya kijivu. Kuku wangu alikuwa mzima. Nilifurahi na kulia kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Wale 34 walipimwa mara ya pili zaidi ya siku 21 baada ya mara ya kwanza, wote wakawa laini. Daktari alinieleza kwa nini hachoki kurudia: mwishoni mwa karne ya 19 ndipo ugonjwa huu ulipojulikana Marekani, na ilipofika mwaka 1935, nchi hiyo ilipoanzisha mpango wake wa kitaifa wa kusafisha makundi ya kuku wa kuzalisha, vifo vya vifaranga viliweza kufika asilimia 80. Uliondolewa kwenye mashamba makubwa ya huko kwa kurudia kupima na kuwatoa waliokutwa nao. Ukibaki, unabaki kwa wafugaji wadogo kama sisi, ambao hatupimwi.

Cheti chenyewe kilipofika nilikisoma mara tatu. Hakisemi popote kwamba kuku wangu hawana ugonjwa. Kinataja magonjwa kwa majina, njia iliyotumika, idadi ya ndege waliopimwa na tarehe. Ndui hayumo, mahepe hayumo, minyoo haimo. Jibu la mafua ya ndege linazeeka baada ya siku chache, kwa sababu ndege mmoja wa porini akitua kwenye chombo cha maji kesho, lile jibu la jana halimzuii. Kwa hiyo ukinunua vifaranga na ukaonyeshwa cheti, soma magonjwa yaliyotajwa na tarehe, kisha uliza kuku wangapi wapya wameingia tangu siku ile. Kwangu hakuna anayeingia sasa bila siku 30 za kutengwa na kipimo chake. Wavu umefunika ua wote, chakula kina mfuniko, na viatu vya bandani havitoki bandani.

Kwa gharama nitasema hivi: ada ya vipimo ilikuwa sehemu ndogo. Kilichoniumiza ni miezi mitatu na zaidi bila kuuza yai la kutotolesha, sampuli zilizoharibika, wavu, na siku za kazi nilizokosa. Wenye makundi madogo jirani na nyinyi wakipangana siku moja, gari la daktari mnalichangia. Laiti ningejua mapema.

Chanzo cha vifo vya vifaranga vya yule mama hatukukipata. Alikuwa ameshawafukia. Kifaranga akifa ghafla, mtie kwenye mfuko, umweke kwenye ubaridi bila kumgandisha, umfikishe maabara siku hiyo hiyo au kesho yake; maiti mbichi moja ingetueleza mengi kuliko miezi yangu yote. Nilimpigia kumsomea majibu, neno kwa neno, pamoja na lile la namba 17. Akanishukuru, akasema atakuja.

Alikuja Jumamosi. Akaosha viatu kwenye beseni la dawa kabla hajaambiwa. Nikamtolea cheti kwenye bahasha, akakitazama mara moja, akakiweka mezani, akaomba daftari. Alilisoma kwa utulivu, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka kwenye tarehe za chanjo. Alipofika 17 akasimama. Akaniuliza huyu vipi, mbona ukurasa umeishia hapa. Nikavuta kiti, nikamsimulia.